Daftari la Zamu: Mwongozo kwa Makatibu Wapya wa Vikundi vya Wanawake vya Kujitolea Vijijini

Mwongozo huu ni kwa makatibu wapya wa vikundi vya wanawake katika vijiji vya pwani ya Tanga ambavyo kazi yake ni kujitolea: kumchotea maji mzazi ambaye hajatoka arobaini, kumpikia mgonjwa asiye na mtu, kufagia zahanati na kuhudumia misiba. Nimekuwa katibu wa kikundi cha namna hiyo wilayani Mkinga kwa miaka tisa. Nimejifunza kwamba mali ya kikundi cha kujitolea ni nguvu na muda wa wanachama wake, na mali hiyo inastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule tunaoutumia kuandika fedha.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni kazi, kisha jiandikisheni

Kabla ya kuandika katiba, semeni kwa sentensi moja mtafanya nini na hamtafanya nini. Nawasihi msichanganye kujitolea na kukopeshana. Kikundi cha hisa na mikopo kinaangukia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kina masharti yake. Zaidi ya hayo, mwanamke anayedaiwa huona haya kushika zamu pamoja na anayemdai, na anayeumia ni mgonjwa. Vivyo hivyo kwa mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake: ni ya miradi ya kujiingizia kipato, na wanaoihitaji waunde kikundi cha pembeni.

Katiba iwe fupi, itaje madhumuni, sifa za mwanachama, muda wa uongozi, akidi (idadi ya wanachama inayotosha kufanya kikao) na utaratibu wa kutoa fedha. Iambatanisheni na muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama yenye saini na barua ya maombi, mkianzia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji hadi kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Bakini na nakala ya kila karatasi.

Hatua ya pili: Pangeni vikao kwa kufuata maji

Wanawake wengi wa pwani yetu hulima mwani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana na kila mwenye shamba yuko baharini. Kikao cha "Jumamosi ya kwanza ya mwezi" kitaangukia bamvua mara kwa mara, na akidi haitatimia. Sisi hukutana wakati wa maji mafu, yaani maji yasiyopwa sana, tarehe nane au tisa ya mwezi wa Kiislamu, saa tisa alasiri, na hakuna anayehitaji kukumbushwa kwa sababu kila mmoja anayajua maji.

Hatua ya tatu: Fungueni daftari la zamu

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Mwaka wetu wa kwanza tuliandika kila shilingi mia iliyoingia, lakini hatukuandika nani alifanya kazi gani. Mwenzetu mmoja akaacha kuja, nasi tukamwona mvivu. Nilipomtembelea ndipo nilipojua kwamba alikuwa amemchotea maji mzazi mmoja siku kumi na tisa mfululizo, kwa kuwa nyumba zao zimepakana na kila mtu alidhani mwingine atampokea. Hakulalamika, alichoka tu. Nilimwomba radhi kwa niaba ya wote, na wiki hiyo hiyo nikanunua daftari jipya.

Chorea safu tano: tarehe, jina la mwanachama, nyumba aliyokwenda, kazi aliyofanya na saa alizotumia. Usiandike ugonjwa wa mtu hata kidogo, kwa maana daftari hupita mikononi mwa wengi na siri ya mgonjwa ni amana. Asiyeandika atasimulia, nawe utaandika mbele yake, umsomee, naye aweke dole gumba. Baadhi ya mama zetu wakubwa hawakusoma shule lakini huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walizojifunza chuo cha Kurani. Waacheni waandike hivyo, mradi awepo wa kuyasoma.

Kila kikao jumlisha saa za kila mmoja na uzisome kwa sauti. Lengo ni kujua nani apumzishwe, wala si kumwaibisha aliyefanya kidogo. Aliye na mtoto mchanga au mgonjwa wake nyumbani aandikwe "amepumzishwa", si "hakuja".

Hatua ya nne: Andikeni maazimio yanayotekelezeka

Sentensi kama "Tulijadili suala la kumsaidia bibi wa kitongoji cha juu" haimtumi mtu yeyote. Andika hivi: "Kikao kiliazimia kwamba mwanachama namba 7 na namba 12 wapeleke maji na kuni kila asubuhi kwa wiki mbili kuanzia Jumatatu, mweka hazina atoe shilingi 6,000 za sabuni na mafuta ya taa, taarifa iletwe kikao kijacho." Kikao kinachofuata kianze na yatokanayo na kikao kilichopita, na kila azimio liulizwe limefikia wapi.

Hatua ya tano: Fedha

Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zishikwe na watu watatu ambao si ndugu. Kila kinachoingia kiwe na stakabadhi, na kila kinachotoka kirejee kwenye azimio lenye tarehe.

Hatua ya sita: Taarifa na makabidhiano

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ombeni nafasi msome jumla ya saa na fedha zilizotumika. Sisi tulipoanza kuzisoma, wanaume waliokuwa wakiitana kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa barabara walianza kutuletea kuni wenyewe.

Uongozi unapobadilika, katibu anayeondoka akabidhi madaftari yote mbele ya kikao, yakihesabiwa moja moja. Kisha akae na mrithi wake kwa zamu mbili nzima, wazunguke pamoja nyumba kwa nyumba, ili mpya azijue njia na wenye nyumba wamjue yeye.