Kabla ya kumlaza mtu besimenti: maji, radoni na dirisha

Wengi wetu Minnesota, Ohio au Ontario tumenunua nyumba yenye besimenti tupu, yaani sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi: sakafu ya zege, kuta za zege, mtambo wa joto pembeni. Mama akija kusaidia kulea mjukuu, au binamu akifika kuanza masomo, macho yanaenda huko chini. Fundi anaitwa, anataja bei ya jipsamu, taa na zulia, na kazi inaanza. Ndugu yangu, simama kwanza hapo. Urembo ni kazi ya mwisho. Anza kwa kuhakikisha kwamba atakayelala mle atakuwa pakavu, atavuta hewa safi, na ataweza kutoka nyumba ikishika moto.

Maji ndiyo yanayoharibu besimenti nyingi. Ukuta wake umezikwa kwenye udongo, na ukishaufunika kwa jipsamu hutaona kitu mpaka harufu ya ukungu ikufikie. Chukua kipande cha nailoni cha futi 2 kwa 2, kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu unapanda kutoka kwenye zege. Kisha toka nje mvua ikinyesha uangalie maji ya paa yanamwagikia wapi. Mara nyingi tiba haina gharama kubwa: safisha mifereji ya paa, refusha bomba limwage maji futi 6 au zaidi kutoka ukutani, na ujaze udongo uteremke kuelekea nje, inchi 6 katika futi 10 za mwanzo. Mimi ningesubiri theluji ya msimu mzima iyeyuke kabla ya kununua hata ubao mmoja. Na kama kuna shimo la pampu ya kutoa maji, weka pampu ya akiba inayotumia betri, kwa sababu dhoruba inayoleta maji mara nyingi ndiyo inayokata umeme.

Radoni wengi wetu hatukuwahi kuisikia kabla ya kuja huku. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inatoka ardhini na kupenya kwenye nyufa za msingi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linaitaja kuwa sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara, na linashauri nyumba irekebishwe kipimo kikifika pikokyuri (kizio cha kupimia mionzi) 4 kwa lita. Kanada, wanaotumia kizio kingine cha mionzi, kikomo ni bekereli 200 kwa mita ya ujazo. Minnesota, karibu nyumba 2 katika kila 5 zina kiwango cha juu. Kifaa cha kupimia kinauzwa dukani kwa bei nafuu. Pima majira ya baridi, madirisha yakiwa yamefungwa. Kipimo kikiwa juu, wataalamu hutoboa sakafu na kupitisha bomba lenye feni inayovuta gesi hadi juu ya paa. Ni rahisi zaidi kulipitisha kabla kuta hazijafungwa.

Sasa dirisha, na hapa sitanii hata kidogo. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mvua ya mabaki ya kimbunga Ida iliua watu 11 ndani ya makazi ya besimenti jijini New York, wengi wao eneo la Queens. Chumba cha kulala chenye ngazi moja tu ya kutokea ni mtego, maji yaje au moto uje. Kanuni za IRC za ujenzi wa nyumba za kuishi, ambazo majimbo mengi ya Marekani yanazifuata, zinadai dirisha ambalo likifunguliwa linaacha uwazi wa futi za mraba 5.7 (au 5 kama dirisha liko usawa wa ardhi au chini yake), upana usiopungua inchi 20 na kimo kisichopungua inchi 24, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Angalia vizuri: inchi 20 kwa 24 ni kama futi za mraba 3.3 tu, kwa hiyo vipimo hivyo viwili vya chini peke yake havitoshi. Kukata ukuta wa msingi si kazi ya kujaribia; tafuta wenye ujuzi huo.

Mengine hayana maneno mengi. Ili kuzuia baridi, bandika bodi za povu gumu moja kwa moja kwenye zege, kisha simamisha fremu ya mbao mbele yake. Pamba ya kioo, ambayo nayo hutumika kuzuia baridi, ikigusa zege huloa na kuota ukungu. Ubao unaolala sakafuni uwe umetiwa dawa. Sakafu ya vainili (aina ya plastiki) huvumilia maji kuliko zulia. Usifukie koki kuu ya maji wala mdomo wa kuzibulia bomba la maji taka. Weka king'ora cha moshi na cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Kuhusu kibali cha ujenzi, najua maneno yanayosemwa: fundi ni mtu wetu wa kanisani, au wa msikitini, kibali cha nini? Mkaguzi huangalia nyaya na mabomba kabla hayajafunikwa, na bila karatasi hiyo bima inaweza kukuletea ubishi siku ya hasara, na mnunuzi pia siku ya kuuza. Ukitaka kupangisha, uliza kwanza halmashauri ya mji wako, kwa sababu masharti ya mpangaji ni tofauti na ya mgeni wa familia. Andikianeni mkataba hata kama ni shemeji yako, lipa kwa awamu, na malipo ya mwisho yatoke baada ya mkaguzi kutia saini.