Jinsi ya kuweka kumbukumbu za mzee wako aliyekuwa injinia, kabla makaratasi hayajaishia kwa muuza njugu

Mzee akiondoka, Mola amrehemu, kila mtu atakwambia alikuwa mpole, mtu wa watu, safu ya kwanza msikitini. Ni kweli na hakuna anayebisha, lakini maneno hayo ukibadilisha jina yanamfaa mzee yeyote wa Majengo au Kisauni. Baba aliyekuwa injinia ana bahati moja, kazi yake ni ya kushikika, kuna kitu mahali fulani kilikuwa kimekufa yeye akakifufua na kuna watu waliokuwepo wakaona. Hicho ndicho cha kutafuta. Nnaeleza vile sisi tulivofanya kwa babangu, yeye alikuwa karakana ya mitambo bandarini Kilindini mpaka akastaafu, kama wako alikuwa wa reli ama wa maji ama wa stima ama pale rifaineri Changamwe, kiwanda cha kusafisha mafuta, we badilisha mashine tu, njia ni hiyo hiyo.

La kwanza kabisa, mtu asitupe karatasi. Wakati wa matanga nyumba inafanyiwa usafi ili wageni wapate pa kukaa na kuna binamu mmoja mwenye nguvu nyingi ataona yale maboksi chini ya kitanda aseme haya ni takataka, na takataka za karatasi Mombasa twajua zaenda wapi, zafungiwa njugu na bajia. Chukua kila kitu utie kwenye chumba kimoja ufunge mlango, kuchambua baadaye. Usiweke sakafuni kwenye simiti, unyevu wa hapa kwetu na mchwa havina huruma, panga juu ya mbao ama rafu.

Ukianza kuchambua, vile vijitabu vidogo vya mfukoni vyenye mafuta mafuta ndivyo dhahabu. Vyeti vitapatikana, barua ya kustaafu itapatikana manake mambo ya penshen yanaitaka, lakini daftari ambalo mzee aliandika vipimo vya shafti na namba za beringi na pembeni akaandika "mchele, sukari, karo ya shule" halina nakala popote duniani. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha lakini sio kwenye jua lenyewe, flashi zima. Michoro ile ya zamani yenye mistari ya rangi ya buluu ama zambarau usiitundike ukutani hata kama inapendeza, ile chapa hufifia kwenye mwanga mpaka unabaki na karatasi tupu, piga picha utundike nakala, yenyewe irudi gizani. Na mtu asikushauri kupeleka cheti original kutiwa laminesheni, ikishashika haitoki.

Picha zilizogandiana kwenye zile albamu za kunata usivute kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole kama unakata boflo, ikikataa iache ipige picha hapo hapo ilipo. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli na usibonyeze sana, wino wa peni hupenya na hutokea mbele kwenye uso wa mtu.

Sasa watu, na hapa ndipo nawaomba mkae zaidi. Waliofanya kazi na mzee watakuja maziko, watakuja hitma, utawaona kwenye baraza wamekaa pamoja wakicheka chini chini. Nenda usalimie, shikamoo zako, chukua namba zao siku hiyo hiyo, manake wengine wakirudi Mazeras au Kilifi hutawapata tena na hawako kwenye grupu lolote la WhatsApp. Watu wengi hukimbilia mabosi. Mabosi wana maneno mazuri lakini mimi naona wenye hadithi ni mafundi na madereva wa kreni, aliyekuwa akitumia mashine ndiye anajua kama ilirudi kutoka karakana imepona ama imepakwa rangi tu.

Usimuulize mtu "babangu alikuwa mtu wa aina gani", atakujibu alikuwa mpole tushamaliza. Uliza kazi. Mashine gani ilikuwa ikimtesa? Spea ikikosekana na meli iko nje inangoja mlikuwa mkifanya nini? Nani alimfundisha yeye, na yeye alimfundisha nani? Alikasirika lini? Hiyo ya kukasirika ni tamu sana, mzee mmoja kwetu alicheka mpaka akafuta machozi akaeleza vile baba hakuwa akigomba, alikuwa anachukua spana kutoka mkononi mwako bila kusema neno na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mwengine ndiye alotueleza kuwa baba alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, anafumba macho asikize mlio wa ndani, halafu anasema hii haifiki Ijumaa. Sisi watoto hatukuwahi kuijua hii, nyumbani alikuwa mtu wa kulala mbele ya taarifa ya habari.

Nenda na kitu mkononi, picha au kile kifaa cha kupimia ambacho nyote nyumbani hamjui ni cha nini, mzee akishika kifaa ulimi hufunguka wenyewe. Nenda na halua na kahawa pia, hilo sina haja ya kumfundisha mtu wa Mombasa. Omba ruhusa ya kurekodi, weka simu karibu yake na uzime panka hata kama mtatoka jasho, ukija kusikiza nyumbani panka ndiyo utakayoisikia peke yake.

Wazee huchanganya miaka na ni kawaida, usibishane. Tumia vigingi vinavyojulikana. Muulize ilikuwa kabla au baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, hiyo ni 1977, kabla ya hapo bandari zetu na za Tanzania zilikuwa shirika moja, na mwaka uliofuata 1978 ndio ikaja Kenya Ports Authority. Wengi walioajiriwa enzi hizo wana hadithi za wenzao wa Dar na Tanga waliopotezana hivo hivo. Kigingi chengine ni daraja la Nyali, muulize mlikuwa mwavuka kwa lile la zamani lililoelea ama hili jipya, hili lilifunguliwa 1980. Na kustaafu, watumishi wa umma walikuwa wakitoka na miaka 55 mpaka 2009 ilipopandishwa ikawa 60, kwa hivo ukijua alizaliwa lini waweza kukadiria hata kama barua haionekani.

Mama mwacheni kwanza. Yuko eda, miezi minne na siku kumi, siku za mwanzo ni za kulia na kupokea watu. Baadaye kidogo zile jioni ndefu zinampata na utaona mwenyewe anaanza kusema, we kaa tu umsikize ukimchambulia mchicha. Mama ndiye anayejua shifti ya usiku ilivokuwa, gari la kazi likipiga honi saa nane, ovaroli lililokuwa halitakati kwa sabuni yoyote, na mshahara uliochelewa. Haya hayamo kwenye faili la ofisi lolote.

Kuna jambo la cheo linaloleta maneno kwenye familia. Kwetu mtu yeyote mwenye spana na heshima huitwa injinia, sawa, mtaani mwite hivo. Lakini kwenye karatasi iliyochapishwa usimtilie "Eng." mbele ya jina kama hakusajiliwa, sheria ya mainjinia ya 2011 inataka usajili wa Engineers Board of Kenya, na wenzake watakaosoma wanajua nani alisajiliwa na nani alikuwa tekinishani. Andika alichokuwa. Kama alipita MIOME, kile chuo cha ufundi ambacho leo ni Technical University of Mombasa, halafu akafanya mitihani ya ufundi ya City and Guilds ya Uingereza usiku baada ya kazi, hiyo yenyewe inatosha kabisa, haihitaji kupambwa.

Kuandika kwenyewe kusiwe kurefu. Kurasa chache, anza na kazi moja aliyoifanya sio na tarehe ya kuzaliwa, tarehe itaingia baadaye. Sifa uitie pale tu una tukio la kuithibitisha, kama huna iache. Msomee mama, msomee mwenzake mmoja wa kazini, huyo atarekebisha mambo ya mashine, na usijaribu kuficha kila kitu kibaya, baba mkali alikuwa mkali. Halafu chapisha, usitegemee simu, simu za Mombasa huanguka baharini. Nakala moja kila nyumba, na moja kwa wale wa Dar.

Ya kusoma hadharani ni siku ya hitma au arubaini kama nyinyi mwafanya, mambo ya arubaini yana mzozo wake na mimi simo. Kama hamfanyi, wachukueni wajukuu na mzee mmoja wa kazini mkakae Mama Ngina jioni meli zikiingia, awaonyeshe na kuwaeleza, viazi karai mkononi. Bandarini kwenyewe huingii bila ruhusa, na kwenye feri ya Likoni usitoe simu kupiga picha, utaitwa pembeni.

Vifaa vyake, weka kimoja viwili kwenye kabati, vyengine mpe kijana anayesomea ufundi, maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, ya kukaa kwenye kioo hupata kutu tu kwa hewa hii ya chumvi. Na mkichanga sadaka ya jina lake, kabla ya kufikiria misahafu mengine juu ya ile iliyojaa, angalieni kisima cha msikiti. Maji Mombasa mwayajua, na pampu nyingi zimekufa kwa sili, kile kipira cha kuzuia maji yasivuje, ya shilingi kidogo ambayo hakuna aliyejitwika kuibadilisha. Tengenezeni hiyo, mumchague mtu mmoja wa kuikagua kila mwezi, na pesa za spea ziwekwe kando tangu mwanzo, zisitafutwe siku imeharibika.