Somo: Kinyama, chunjua au sisti? Jinsi ya kutofautisha

Wengi wetu hutazama rangi tu, kisha tunaanza kutumbua. Rangi hudanganya, hasa kwenye ngozi nyeusi.

Hatua ya 1. Nawa mikono, kaa penye mwanga wa jua, vuta ngozi kidogo kwa vidole viwili.

Hatua ya 2. Tazama kilele. Chunjua hukwaruza ukiipapasa, na mara nyingi ina vidoa vyeusi. Vidoa hivyo ni vimishipa vya damu iliyoganda, si mizizi. Molaska, yaani kipele kinacholetwa na kirusi, ni laini, inang'aa, na katikati imebonyea kama kitovu. Kijipele cheupe kigumu karibu na jicho ni keratini (protini ya ngozi) iliyonaswa. Hakina tundu, ndiyo maana ukikikamua unaambulia jeraha tu.

Hatua ya 3. Tazama kilivyoshika. Kinyama kina kikonyo na huning'inia shingoni, kwapani au kwenye kope.

Hatua ya 4. Sukuma kwa kidole. Hapa ndipo watu huchanganya sana. Lipoma, yaani uvimbe wa mafuta, ni teketeke. Huteleza chini ya ngozi, na ngozi ya juu haifuati. Sisti, yaani kifuko kilichofungika chini ya ngozi, imeng'ang'ania ngozi, na mara nyingi utaona kitundu cheusi juu yake. Tafadhali usiikamue! Mfuko wake ukipasukia ndani, itavimba na kuuma, na hata ikinywea hurudi, maana mfuko bado upo.

Hatua ya 5. Kinachokua haraka, kinachotoka damu au kisichopona kikaguliwe hospitali. Vilevile doa jeusi jipya linalotanuka unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha.

MASWALI

Swali: Mwanangu ana vile vilivyobonyea katikati, na vinaongezeka. Nivichome?
Jibu: Hapana, mama. Inaelekea ni molaska. Ni kirusi, kinaenea kwa kugusana, kujikuna na kuchangia taulo. Mara nyingi huisha vyenyewe kwa miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Mkate kucha, awe na taulo yake. Ila mtu mzima vikimjaa usoni, apime VVU.

Swali: Kinyama nikifunge uzi?
Jibu: Usifanye hivyo nyumbani, ndugu yangu. Kinaweza kuingia vijidudu, na huenda hata si kinyama. Hospitali hukikata kwa muda mfupi.

Swali: Lipoma yangu ya mgongoni haiumi. Niiache?
Jibu: Daktari akishathibitisha kuwa ni lipoma, unaweza kuiacha. Ikipita sentimita 5, ikiwa ngumu au ikaanza kuuma, rudi akaiangalie tena.