Breki ya mbele ikigoma kuachia

Pikipiki ya zamani yenye diski mbele ikibaki imebana baada ya kuachia mkono wa breki, usikimbilie kufungua kalipa, yaani kifaa kinachobana diski. Legeza kwanza nati ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa, mara nyingi spana namba 8, na uweke kitambaa maana oili ya breki inakula rangi. Gurudumu likiachia papo hapo, oili ilinaswa kwa presha: tundu dogo la kurudishia oili kwenye masta silinda (pampu ya oili iliyo kwenye mkono wa breki) limeziba, au bomba la mpira linalopitisha oili ya breki limevimba ndani. Likibaki limebana, pistoni au pini za kalipa zimekwama kwa kutu. Kama inabana sehemu moja tu ya mzunguko, kipimo hiki hakisaidii. Kagua diski, huenda imepinda. Kaza nati na utoe upepo kabla hujapanda.