Gari limevutwa kwenye eneo binafsi California: jinsi ya kulikomboa na kudai fedha zako

Kifungu cha 22658 cha Sheria ya Magari ya California kinamruhusu mwenye eneo kuliondoa gari lililoegeshwa pasipo ruhusa. Ruhusa hiyo ina masharti, na anayeyakiuka hulipa. Wengi hupoteza haki yao siku ya kwanza kwa kulipa na kuondoka mikono mitupu.

Ukifika na gari bado liko ndani ya eneo, dai liachiwe papo hapo. Hata kama limeshafungwa kwenye lori, dereva anapaswa kuliachia. Anaweza kutoza nusu tu ya ada ya kawaida ya kuvuta. Kama hajalifunga, hana cha kutoza.

Likiwa limeshaondoka, piga simu polisi kwa namba isiyo ya dharura. Kampuni inalazimika kuwaarifu, kwa hiyo watakuambia liko yadi gani. Kabla ya kwenda huko, piga picha kila mlango wa kuingilia magari, hata ule usioutumia. Mwenye eneo akitegemea kibao cha kukataza maegesho, lazima kionekane wazi kwenye milango yote, kiwe na ukubwa usiopungua inchi 17 kwa 22, na herufi za kimo kisichopungua inchi 1. Kitaje kwamba gari litaondolewa kwa gharama ya mwenye gari, na kiwe na simu ya polisi. Piga picha siku hiyohiyo, ukiweka futi ya kupimia juu ya kibao: kibao kilichokosekana leo kinaweza kuwa kimesimikwa wiki ijayo, nawe utabaki na neno lako tu.

Yadini, usitoe fedha kwanza. Omba nakala ya idhini ya maandishi ya kuvuta gari, ile ya mwenye eneo au wakala wake, na picha ya gari iliyopigwa kabla ya kuvutwa. Unastahili kupewa vyote kabla ya kulipa. Idhini ndiyo karatasi ya kuchunguza kwa makini kuliko zote. Inatakiwa kuonyesha namba ya gari, sababu ya kuliondoa, jina, cheo na sahihi ya aliyeidhinisha, saa gari lilipoonekana mara ya kwanza na saa idhini ilipotolewa. Saa zikikosekana, au sahihi ikiwa ni ya dereva wa lori mwenyewe, hapo una hoja nzito. Kisha lipa ulichotakiwa, kwa taslimu au kadi ya benki (hawaruhusiwi kukataa kadi ya mkopo halali), na udai risiti yenye mchanganuo. Usilikawize gari ukisubiri haki, maana ada ya kuhifadhi huongezeka kila siku; ukilichukua ndani ya saa 24 za kwanza, wanaweza kutoza siku moja tu.

Sasa amua unamdai nani. Kosa la kibao ni la mwenye eneo, naye anawajibika mara mbili ya gharama za kuvuta na kuhifadhi. Kuvuta bila idhini sahihi, au kutoza kupita kiasi, ni kosa la kampuni, nayo huwajibika mara nne. Kujua kama ada imezidi, waulize polisi kiwango wanachokubaliana na kampuni za kuvuta magari, kisha linganisha na risiti.

Andika barua ya madai kwanza: tarehe, kiasi, kosa, na siku ya mwisho ya kulipa. Wakikaa kimya, jaza fomu SC-100 ya mahakama ya madai madogo. Mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500. Ada ya kufungua ni dola 30 kwa dai lisilozidi dola 1,500. Andika jina halisi la kampuni kama lilivyosajiliwa jimboni, si lile lililochorwa kwenye lori, la sivyo hukumu itakuwa ngumu kutekelezwa. Hati za kesi usimpelekee mdaiwa wewe mwenyewe. Zipelekwe na mtu wa miaka 18 au zaidi asiyehusika na kesi, angalau siku 15 kabla ya kusikilizwa, au 20 kama mdaiwa yuko nje ya kaunti, kisha ajaze fomu SC-104 ya kuthibitisha kwamba amezipeleka. Siku ya kesi, nenda na nakala tatu za kila picha na karatasi.