Kufunga grili ya Ford ya 1932 na rejeta isiyo yake kwenye chesisi ya Model A

Kwenye hotirodi za Marekani, yaani magari ya zamani yaliyobadilishwa na kupewa injini yenye nguvu, sura inayopendwa sana ni ganda la grili la Ford ya 1932 likiwa mbele ya bodi ya Ford Model A ya 1928 hadi 1931. Nyuma yake mara nyingi hukaa injini ndogo ya V8 ya Chevrolet, ile familia iliyoanza 1955. Hapo una vipande vya magari matatu ambavyo havikutengenezwa vikutane, na vikikutanishwa vibaya gari hupendeza likiwa limeegeshwa, kisha huchemsha kwenye foleni.

Ganda hilo hukatwa upande wa chini ili lisitokeze juu ya boneti, na kosa linalogharimu zaidi ni kulikata kabla rejeta haijapata mahali pake. Kwenye Ford za zama hizo ganda halijitegemei: linashikwa na rejeta kwa bolti, na rejeta ndiyo inayokaa kwenye chesisi. Rejeta ikiinama, grili inainama nayo. Kwa hiyo anza na injini, fuata rejeta, kisha ganda, kisha boneti. Msumeno uje mwisho.

Ganda la kukata liwe la kutengenezwa upya, la chuma. La asili la 1932 lilitumika kwenye magari ya abiria kwa mwaka mmoja tu, na kila moja linalokatwa halirudi. Ganda la faiba halifai hapa, maana halichomelewi na huanza kupasuka kwenye matundu ya bolti.

Kabla ya kupima chochote, gari liwe na injini, giaboksi, matairi yake halisi na uzito wake wote. Springi za mbele zikiwa hazina mzigo, urefu wote utakaopima ni wa uongo. Umbali wa ekseli kwa ekseli kwenye Model A ni inchi 103.5, kwenye Ford ya 1932 ni inchi 106. Hizo inchi mbili na nusu, karibu milimita 64, ndizo utakazozitamani ukifika kwenye feni. Usizitafute kwa kusukuma rejeta mbele ya krosimemba, yaani chuma cha kukingama kinachounganisha pande mbili za chesisi, mpaka grili ipite ekseli, kwa sababu sura yote ya gari itaharibika. Zitafute nyuma: pampu ya maji fupi, au bonde dogo kwenye ukuta wa injini, yaani bati linalotenganisha injini na abiria.

Simamisha rejeta kwa vipande vya mbao juu ya krosimemba, vaa ganda, kisha laza rula ndefu iliyonyooka kutoka bega la bodi, pale boneti inapoishia mbele ya kioo, hadi juu ya ganda. Ganda la 1932 likikaa kwenye krosimemba ya Model A ambayo haijaguswa, kwa kawaida hutokeza juu, na boneti huonekana imepanda kuelekea mbele. Wengi huondoa inchi 2 hadi 3 upande wa chini. Kiasi chako kitoke kwenye rula hiyo, kisitoke kwenye gari la mtu mwingine, kwa sababu krosimemba iliyobapazwa hubadilisha hesabu yote. Rudi hatua kumi pembeni uangalie mstari wa boneti ukilinganisha na mstari wa mlango. Ganda likipotoka hata milimita 5 jicho litaona, kwa hiyo pima pia kutoka kila kona ya ganda hadi kona ya bega iliyo upande wa pili. Mishazari miwili ikilingana, ganda limenyooka.

Sasa fikiria kitu ambacho wengi hukisahau: ukipunguza ganda, rejeta nayo lazima ifupishwe. Uso wa mapezi wenye urefu wa milimita 450 ukipunguzwa 75, umepoteza sehemu moja kati ya sita ya upoozaji. Agiza rejeta iliyotengenezwa kwa ganda lililokatwa kiasi hicho hicho, na urudishe ulichopoteza kwa safu nene zaidi ya mirija na kwa feni yenye kava, yaani duara la bati linaloizunguka ili ivute hewa kupitia mapezi.

Kukata kwenyewe: weka utepe wa karatasi kuzunguka ganda juu kidogo ya kipinde cha chini, chora mistari miwili sambamba, toa kipande cha kati na ubakize kipinde. Kingo mbili zinazokutana mara nyingi hazilingani upana. Usizilazimishe kwa jiriwa. Pasua kipinde katikati, rekebisha, kisha chomelea. Bati ni jembamba na moto huliponza haraka, kwa hiyo weka doti moja ya kuchomelea kila milimita 25, ruka upande wa pili, subiri ipoe mpaka uweze kuigusa kwa mkono, kisha rudi. Ukivuta mstari mrefu kwa mara moja, bati litajikunja kama jani kavu, na utalipa kwa kilo za pati. Fito za grili zifupishwe chini, zote kwa kipimo kimoja, na fremu yake ivaliwe ndani ya ganda kabla ya doti za mwisho.

Mabano ya rejeta yawe ya bamba la milimita 4 au 5, yamechomelewa kwenye chesisi, kila upande tundu moja la bolti ya inchi 3/8. Chini ya rejeta weka mpira wa milimita 6 hadi 10, na chini ya bano weka springi fupi, washa na nati ya kujifunga. Kaza mpaka springi iingie nusu, kisha acha. Ford waliweka springi hapo kwenye Model A kwa sababu chesisi hiyo hujipinda barabarani, na rejeta iliyobanwa moja kwa moja na chuma hupasuka kwenye mshono wa tangi la chini. Sababu hiyo haijabadilika. Juu, fimbo mbili zenye nati pande zote zinatoka kwenye rejeta hadi ukuta wa injini, na kwa hizo ndipo unaporekebisha mwinamo wa grili. Kati ya ganda na rejeta pitisha utepe mnene wa turubai usije ukasikia mlio kila shimo.

Mabomba ya maji ndiyo yanayowachanganya watu. Rejeta ya Ford V8 ya zamani ina midomo miwili juu na miwili chini, kwa sababu injini ile ina pampu mbili. Chevrolet ina mmoja juu, wa inchi 1.5, na mmoja chini, wa inchi 1.75. Usiunganishe midomo ya ziada kwa mpira wa maji, kwa kuwa maji yatazunguka bila kupita kwenye mapezi. Mpe fundi rejeta aizibe kwa risasi na kuhamishia mdomo wa chini upande wa pampu yako. Kila bomba liwe na ukingo uliovimba mwishoni, la sivyo mpira utachomoka na klipu yake. Mpira wa maji wa chini uwe na springi ndani, kwa sababu pampu huuvuta na mpira mtupu hunywea ukiongeza kasi. Gari linalochemsha barabara kuu tu na kupoa mjini mara nyingi lina ugonjwa huo.

Mfuniko wa rejeta ya shaba ya zamani usizidi paundi 7 za presha. Rejeta mpya ya alumini hubeba 13 hadi 15. Kila paundi huongeza joto la kuchemka kwa karibu nyuzi 1.6 za Selsiasi, lakini presha kubwa kwenye tangi la zamani hufungua mishono.

Kati ya feni na mapezi acha angalau milimita 25, kwa sababu injini husogea mbele ukifunga breki kwa nguvu. Bandika donge la udongo laini kwenye bapa moja, endesha taratibu, funga breki, kisha liangalie: likiwa limebonyea, rejeta imeguswa. Bapa za feni ziingie nusu ndani ya kava lake.

Ukiwa umeziba shimo la mfuniko juu ya ganda, weka tangi dogo la kujazia maji mahali palipo juu kuliko injini yote. Hewa ikikosa njia hukaa kwenye kichwa cha injini, na geji inapanda ghafla huku rejeta ikiwa bado baridi. Tundu la milimita 3 kwenye themostati ya nyuzi 82 husaidia kuitoa.

Mwisho, washa injini, feni izunguke, na usogeze karatasi ya daftari mbele ya grili kipande kwa kipande. Inapaswa kunasa kila mahali. Kisha ishushe kando ya ganda, kwenye upenyo kati yake na rejeta. Ikivutwa hapo, hewa inapita pembeni, na upenyo huo uzibwe kwa mpira au ukanda wa alumini kabla gari halijatoka.