Kufunga Yom Kippur kwa Mara ya Kwanza, Hatua kwa Hatua

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu katika saumu yake ya kwanza ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, inayoangukia tarehe 10 ya mwezi wa Tishri katika kalenda ya Kiyahudi, nikaona kwamba alikuwa ameandaa tumbo tu, si moyo.

Hatua ya kwanza. Punguza kahawa wiki moja kabla, kwa kuwa kichwa huuma zaidi kwa kuikosa ghafla kuliko kwa njaa.

Hatua ya pili. Waombe radhi uliowakosea. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu ya Yoma, inafundisha kwamba siku hii hufuta makosa baina ya mtu na Mungu, lakini yaliyo baina ya mtu na mwenzake hayafutwi mpaka amridhishe. Mwaka mmoja niliahirisha jambo hili hadi mkesha, nikazunguka mchana kutwa nikimtafuta mtu mmoja, na jua likazama sijamwona. Nilifunga saumu yote nikiwa na deni lake moyoni. Tangu hapo naanza mapema, mwezi wa Eluli, unaotangulia Tishri. Nenda mwenyewe, kwani ujumbe mmoja wa simu uliotumwa kwa watu wote siuhesabu kuwa ni kuomba msamaha. Kama ulichukua mali yake, irudishe kwanza. Litaje kosa lenyewe, isipokuwa pale ambapo kulitaja kutamtonesha mtu ambaye hakuwa na habari nalo. Akikataa, rudi tena, hadi mara tatu.

Hatua ya tatu. Kunywa maji tangu asubuhi ya mkesha, kisha ule mlo wa mwisho usio na chumvi nyingi kabla jua halijazama. Mgonjwa na mjamzito wazungumze mapema na daktari na rabi, kwa sababu saumu inapohatarisha uhai, kula ndiyo amri.

Hatua ya nne. Vaa nguo nyeupe na viatu visivyo vya ngozi. Kuoga, kujipaka mafuta na tendo la ndoa navyo huachwa.

Hatua ya tano. Fika sinagogi kabla ya Kol Nidre, tamko linalofungua ibada ya usiku wa kwanza. Kesho yake alasiri husomwa kitabu cha Yona, kisha huja Neila, sala ya kufunga milango, ambayo nakusihi uisimamie yote ukiweza. Baragumu la pembe likilia usiku, baada ya saa 25 hivi, fanya kwanza Havdala, ibada fupi ya kuiaga siku takatifu, kwa divai na mshumaa uliowashwa kutoka katika moto uliowaka tangu mkesha, ndipo ule. Sisi nyumbani, tukishakula, hupigilia msumari wa kwanza wa kibanda cha Sukoti, sikukuu ya vibanda inayofuata, usiku huohuo.